Nani Anailipia Lugha Ikiwa Ugenini: Niliyojifunza Nikisoma Kikroatia

Sarufi ya kwanza ya Kikroatia haikuchapishwa Kroatia. Ilichapishwa Roma mwaka 1604, kwa Kilatini, na mwandishi wake alikuwa Bartol Kašić, padri Mjesuiti aliyezaliwa kisiwa cha Pag. Mwaka 1599 Wajesuiti walikuwa wameanzisha mafunzo ya lugha hiyo chuoni kwao Roma, wakiiita Kiiliria, ili mapadri watakaovuka bahari ya Adria waweze kusema na watu kwa lugha yao. Darasa lilihitaji kitabu, Kašić akapewa kazi, akaifanya.

Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili hashangai kusikia hivyo. Sarufi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf nayo ilitoka Tübingen, Ujerumani, mwaka 1850. Lugha zote mbili ziliingia kwenye vitabu vya namna hiyo zikiwa ughaibuni, kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye shida nazo na mwenye uwezo wa kuigharamia shida hiyo.

Nimesoma lugha za Kislavi katika Chuo Kikuu cha Vienna, nikajikita kwenye Kikroatia, fasihi yake na historia ya uhamaji wa Wakroatia. Kila nilipogeuka nililikuta swali lilelile: nani analipa, na anataka nini? Nimelibeba swali hilo kwa muda mrefu, na naliandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu, walioko nje na walioko nyumbani, maana linatuhusu sana na bado hatujakaa tukalizungumza inavyostahili.

Idara nyingi za lugha Vienna ziko ndani ya majengo yaliyokuwa hospitali kuu ya mji, iliyofunguliwa na Kaisari Joseph wa Pili mwaka 1784. Majengo yamezunguka nyua, na kila ua una namba yake. Lugha za Kislavi ziko ua wa tatu, masomo ya Afrika ua wa tano. Asubuhi nilikuwa mwanafunzi ua wa tatu. Jioni nilikuwa ua wa tano, nikiongoza mazungumzo ya Kiswahili na vijana wa Austria waliokuwa wakijiandaa kwenda Zanzibar, Arusha au Kisumu. Unatoka darasa moja kwenda jingine kwa mguu, unapita chini ya miti, umefika. Nadhani kama idara hizo zingekuwa mbalimbali nisingeanza kulinganisha.

Kiti cha uprofesa wa lugha za Kislavi pale Vienna kilianzishwa mwaka 1849, akakikalia Franz Miklosich, Mslovenia. Mwaka 1886 akamrithi Vatroslav Jagić, Mkroatia wa Varaždin. Huyu Jagić alikuwa mwalimu wa sekondari Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, akaondolewa kazini mwaka 1870 kwa sababu za kisiasa. Akaenda kufundisha Odessa, kisha Berlin, kisha St. Petersburg, ndipo akaja Vienna. Alipokuwa Berlin alianzisha jarida la kisayansi la lugha za Kislavi ambalo kwa miaka mingi ndilo lililosomwa kuliko yote katika fani hiyo. Kwa maneno mengine, mmoja wa watu waliojenga taaluma hii alikuwa mhamiaji, na mishahara yake ilitoka kwa tsar na kwa makaisari. Himaya ya Austria ilikuwa na mamilioni ya raia Waslavi, ilihitaji mahakimu, walimu na makarani wanaozijua lugha zao. Berlin mwaka 1887 ilifungua chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa maofisa waliokuwa wakija kututawala. Nilipowaambia hivyo wanafunzi wenzangu wa ua wa tatu walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema kumbe tuna mwajiri mmoja wa zamani.

Mimi nilifika kwenye Kikroatia kupitia kwa mjomba wangu. Alisoma uhandisi Zagreb katika miaka ya 1970, enzi za nchi zisizofungamana na upande wowote, Yugoslavia ya Tito, dola iliyokuwa na Kroatia na Serbia ndani yake, ilipokuwa ikiwapa vijana wa Afrika na Asia nafasi za masomo. Kabla ya kuingia kwenye hesabu za vyuma na zege walifundishwa lugha kwanza. Alirudi Tanga na kamusi nene iliyofungwa kwa gundi, na mpaka leo akiingia nyumbani husema "Dobar dan" kabla ya kuvua viatu. Nilipoanza masomo nilimpigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hiyo lugha unayosoma ni ile yetu ya zamani au wamekupa nyingine?"

"Siku hizi wameandika majina matatu, mjomba. Kibosnia, Kikroatia na Kiserbia. Darasa ni moja."

"Sisi tulifundishwa moja yenye jina refu, Kiserbokroatia, na tulielewana na wote. Sasa waulize tofauti iko wapi, halafu unipigie."

Kumjibu kulinichukua muda. Mwaka 1850, hapo hapo Vienna, watu wanane, wengi wao waandishi na wanazuoni, walitia saini makubaliano kwamba Waserbia na Wakroatia wawe na lugha moja ya maandishi. Mwaka 1954 huko Novi Sad, Serbia, kukawa na makubaliano mengine, safari hii chini ya serikali ya kijamaa. Mwezi Machi 1967 taasisi za Wakroatia zikatoa tamko la kudai lugha yao itajwe kwa jina lake na ipewe hadhi yake, na waliotia saini wakapata misukosuko. Mwaka 1991 Kroatia ikawa nchi huru. Tarehe 1 Julai 2013 Kroatia ilipoingia Umoja wa Ulaya, Kikroatia kikawa lugha rasmi ya 24 ya umoja huo. Ukimweka Mkroatia wa Zagreb na Mserbia wa Belgrade meza moja, wataongea kuanzia asubuhi hadi usiku bila mkalimani. Hata hivyo vitabu vya shule, kamusi, majina ya miezi na mapokeo ya uandishi yana njia zake tofauti, na watu wana haki ya kuiita lugha yao kwa jina wanalolitaka. Msomi mkweli huyasema yote mawili kwa pumzi moja, ingawa kila upande ungependa aseme moja tu. Mtu wa Mombasa aliyewahi kukatwa alama shuleni kwa kuandika Kimvita, kwa kuwa mkutano wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifu, ataielewa hali hii bila kuelezwa sana.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, mjomba. Lakini rafiki zangu wa bwenini waendelee kunielewa."

Darasani tulikuwa makundi mawili ambayo yalihitajiana. Kundi la kwanza ni watoto na wajukuu wa wafanyakazi waliokuja Austria baada ya mkataba wa mwaka 1966 kati ya Austria na Yugoslavia. Ujerumani nayo ilitia saini mkataba wake mwaka 1968. Kwenye takwimu za Yugoslavia waliitwa watu walioajiriwa nje kwa muda, na wengi wao muda huo haukuisha. Watoto wao wanaijua lugha ya jikoni, ya harusi, ya kugombana na ndugu, lakini ukiwaambia waandike barua ya kuomba kazi wanakwama. Kundi la pili ni sisi wageni, tulioweza kuzitaja usingizini hali saba za nomino, yaani miisho inayobadilika kufuata kazi ya neno kwenye sentensi, na hatukuweza kusema utani ukaeleweka. Kwangu mimi mtoto wa ngeli, kukubali kwamba kivumishi kifuate nomino kwa miisho yake haikuwa tabu hata kidogo. Waaustria wenzangu walilia, mimi nilijisikia niko nyumbani. Kilichonitesa ni vitenzi: kila kitendo kina kitenzi cha kilichokamilika na kingine cha kinachoendelea, wanakwenda wawili wawili, na hakuna kanuni moja itakayokuokoa. Wale watoto wa wafanyakazi ndio walionisahihisha, kwa sikio, bila kujua sababu. Mimi niliwapa sababu. Tulilipana hivyo.

Semina iliyonibadilisha zaidi ilitupeleka Burgenland, jimbo la mashariki la Austria, mwendo mfupi kutoka Vienna. Huko kuna vijiji vya Wakroatia waliohamia katika karne ya 16 wakikimbia mashambulizi ya Waothomani. Wenye ardhi wa upande ule, ambao vijiji vyao vilikuwa vimebaki vitupu kwa vita vya mwaka 1529 na 1532, waliwapokea wakawapa mashamba. Eneo lote lilikuwa la Hungaria mpaka mwaka 1921 lilipopewa Austria. Kwa hiyo kuna familia ambazo bila kuhama nyumba zimekuwa chini ya Hungaria, kisha Austria, na katika muda wote huo, karibu miaka 500, zimesema Kikroatia.

Tuligawanywa majumbani wawili wawili, kila kundi na kinasa sauti. Mimi na mwenzangu tulipelekwa kwa bibi mmoja aliyekuwa na zaidi ya miaka themanini. Alikuwa ameshatandika kitambaa cheupe juu ya meza, amekinyunyizia unga, na juu yake anavuta donge la unga wa strudeli. Havuti kwa vidole. Anapitisha mikono yote miwili chini ya donge, ngumi zimefumbwa, anavuta kwa migongo ya mikono kutoka katikati kwenda nje, anazunguka meza, anavuta tena, mpaka unga unakuwa mwembamba kiasi cha kuona maua yaliyotariziwa kwenye kitambaa. Maswali yetu yalikuwa yameandikwa vizuri sana: unatumia lugha gani na nani, wapi, mara ngapi. Aliyajibu kwa neno moja moja. Mwenzangu alipoweka karatasi chini akaomba afundishwe kuvuta unga, bibi akaanza kusema.

Alisema kwa Kikroatia ambacho mhadhiri wetu kutoka Zagreb alilazimika kukisikiliza kwa makini. Lahaja zao nyingi ni za kichakavi, za pwani na visiwani, na usanifu wa Zagreb umesimama juu ya kundi jingine la lahaja, kishtokavi. Zaidi ya hapo, waliondoka kabla ya maneno mengi ya leo hayajazaliwa, wakaazima ya Kijerumani na ya Kihungaria, wakatengeneza na ya kwao. Wana usanifu wao wenyewe na kamusi zao. Ile ya kutoka Kijerumani kwenda Kikroatia chao na cha Zagreb ilitoka mwaka 1982, na ya upande wa pili mwaka 1991. Wana gazeti la kila wiki. Bibi alilileta, akatuonesha tangazo la msiba wa jirani, akalisoma kwa sauti.

Kisha akatueleza habari za watoto wake. Mkubwa alimlea kwa Kikroatia. Alipozaliwa wa mwisho watu walishaanza kusema kwamba mtoto wa lugha mbili hafiki mbali, mwalimu mmoja akamwambia hivyo hivyo usoni, na mumewe alikuwa akienda Vienna kila Jumatatu kufanya kazi ya ujenzi na kurudi Ijumaa na Kijerumani. "Wa mwisho nilimsemesha Kijerumani," alisema. "Sasa ndiye anayeniuliza kwa nini." Alisema hivyo huku anapangusa unga mikononi, akanyamaza, akaenda kuleta tufaha za kujazia.

Nimewasikia akina mama wa Kitanzania na wa Kikongo Vienna wakisema karibu maneno hayo hayo. Mtoto anasemeshwa Kijerumani ili awahi shuleni, na Kiswahili kinasubiri likizo. Sina haki ya kumhukumu mzazi yeyote, maana presha ya shule naijua. Lakini pale mezani nilimwona mtu aliyeufuata ushauri ule kwa mapenzi mema na akauona mwisho wake, na sijaweza kulichukulia suala hilo kwa wepesi tangu siku ile.

Kitu kingine nilichokiona Burgenland ni kwamba mlipaji anaweza kuwa sheria. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Taifa la Austria wa mwaka 1955 inawapa Waslovenia na Wakroatia haki ya shule na ya kutumia lugha yao maofisini. Karatasi peke yake haikufanya kazi. Vibao vya majina ya vijiji kwa lugha mbili vilisimamishwa Burgenland mwaka 2000, miaka 45 baada ya saini. Shule ya sekondari ya lugha mbili ya Oberwart ilifunguliwa mwaka 1992. Katikati hapo kuna watu waliokwenda mahakamani, walioandika barua, waliokaa kwenye vikao vya kuchosha. Wanafunzi wa shule kama ile ndio wanaokuja kujaza madarasa ya chuo kikuu, kisha wanarudi kuwa walimu. Mnyororo huo ukikatika popote, idara ya chuo inabaki na profesa na viti.

Nirudi kwenye uhamaji wa mbali, ambao ndio uliokuwa somo langu hasa. Mwishoni mwa karne ya 19 Dalmatia, pwani ya Kroatia, iliishi kwa zabibu. Mkataba wa biashara kati ya Austria-Hungaria na Italia wa mwaka 1891 ulifungulia mlango divai ya bei rahisi ya Italia. Muda si mrefu filoksera, mdudu anayekula mizizi ya mzabibu, akaingia mashambani. Visiwani hakukuwa na kazi nyingine ya kushika. Watu wa kisiwa cha Brač walikwenda Chile, kaskazini kwenye jangwa la Antofagasta palipochimbwa chumvi ya mbolea, na kusini kabisa Punta Arenas. Wengine walikwenda New Zealand kuchimba utomvu wa mti uitwao kauri, utomvu uliozama ardhini. Wengine wakaishia kwenye viwanda vya chuma vya Pittsburgh, ambako mwaka 1894 walianzisha chama cha kusaidiana, ili mtu akifa kazini azikwe na mjane apate kitu. Chama hicho kipo mpaka leo. Kila Mswahili aliyewahi kuchangishwa kusafirisha maiti kutoka Ulaya anajua kinavyoanza chama cha namna hiyo.

Mwalimu wetu alitusomesha barua za wahamiaji wa wakati ule, nakala za mwandiko wa mkono. Ni ngumu kusoma, maana walioandika walipata madarasa machache, wanaandika kama wanavyotamka, nukta hakuna. Lakini mpangilio niliutambua mara moja. Kwanza salamu kwa Mungu, kisha salamu kwa kila mtu kwa jina, kisha sisi huku ni wazima, hofu ni juu yenu. Ndipo inafuata fedha: kiasi gani kimetumwa, kwa mkono wa nani, kigawanywe vipi. Mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, anauliza mizabibu imekuwaje. Barua za nyumbani kwetu za miaka ya zamani, za mtu aliyeko manamba au Nairobi, zilikuwa hivyo hivyo. Niliomba niruhusiwe kuandika kazi yangu ya muhula juu ya mpangilio wa barua hizo, na ndiyo kazi niliyoifanya kwa furaha kuliko zote. Barua inampa mwanaisimu lahaja ya mtu wa kawaida, inampa mwanahistoria bei ya mkate, na inampa mtu wa fasihi sauti ambayo haipo kitabuni.

Sasa niseme juu ya Australia na Kanada, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali langu lilipobadilika. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, kilianza kufundisha Kikroatia kama somo linalojitegemea. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, kikapata kiti cha uprofesa wa lugha na utamaduni wa Kikroatia. Katika sehemu zote mbili jamii ya wahamiaji ndiyo iliyochanga. Tazama miaka hiyo. Kroatia kama dola haikuwepo. Yugoslavia rasmi ilitumia jina refu lile la mjomba. Waliotoa fedha walikuwa mafundi ujenzi, wavuvi, wenye maduka, wakulima, wengi wao hawakumaliza sekondari. Walikuwa na makanisa yao, klabu zao za mpira, shule zao za Jumamosi. Wangeweza kuridhika na hayo. Wakaenda chuo kikuu wakasema: tunataka lugha yetu iwe somo, ipate mitihani, ipate shahada, na gharama tutabeba.

Naliheshimu jambo hilo kwa dhati. Linanionesha kwamba kundi la watu wasio na dola nyuma yao linaweza kuiweka lugha yao mahali pa heshima kwa jasho lao.

Lakini fedha ya jamii nayo ina matarajio yake, na nisingekuwa mkweli nikiishia kwenye sifa. Uhamaji wa Wakroatia haukuwa wa njaa peke yake. Baada ya mwaka 1945 waliondoka pia watu wa utawala wa Ustasha, ule uliotawala kwa msaada wa Wanazi na kuendesha kambi ya Jasenovac, walikouawa Waserbia, Wayahudi, Waroma (Wajipsi) na Wakroatia waliowapinga. Ante Pavelić mwenyewe, kiongozi wa utawala huo, alikimbilia Argentina. Miongoni mwa wahamiaji wa baadaye kulikuwa na vikundi vilivyotega mabomu. Kwa upande mwingine, idara ya usalama ya Yugoslavia iliwaua wapinzani huko huko uhamishoni: mwandishi Bruno Bušić aliuawa Paris mwaka 1978, na Stjepan Đureković aliuawa karibu na Munich mwaka 1983, kesi ambayo mahakama ya Munich iliitolea hukumu mwaka 2016 dhidi ya waliokuwa wakubwa wa idara hiyo. Mtu aliyeyapitia hayo akichangia kiti cha uprofesa, anaweza kutamani historia ya mashujaa watupu. Chuo kikuu hakiwezi kumpa hiyo. Mwalimu wa uhamaji wa Wakroatia lazima aweze kuitaja Jasenovac mbele ya mfadhili wake, na Bušić mbele ya mtu anayeikumbuka Yugoslavia kwa mapenzi. Nimewahi kukaa kwenye mhadhara wa wazi ambapo mzee mmoja alisimama akatoka alipotajwa Jasenovac, na mwanamke mwingine akasimama kulalamika yalipotajwa mauaji ya Munich. Mhadhiri aliendelea kusoma nyaraka zake, tarehe kwa tarehe. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha taaluma.

Nilipata pia muhula mmoja Zagreb, kwenye kituo cha Kitivo cha Falsafa kinachofundisha Kikroatia kwa wageni, Croaticum. Baada ya uhuru dola ya Kroatia imejiingiza kwenye ulipaji: inatuma wahadhiri wa lugha kwenye vyuo vya nje, inatoa ufadhili kwa wajukuu wa wahamiaji, na mwaka 2011 ilipitisha sheria ya mahusiano na Wakroatia walioko nje. Darasani nilikaa na vijana kutoka Buenos Aires, Perth, Toronto. Jirani yangu alikuwa kijana wa Punta Arenas, mji alikozaliwa Gabriel Boric aliyekuja kuwa rais wa Chile mwaka 2022, naye ana asili ya kisiwa cha Ugljan. Kijana huyo alikuja na daftari la maneno ya bibi yake, yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kihispania. Kila alipolitumia moja, mwalimu alilichukua, akaliandika ubaoni, akaeleza ni la kisiwa gani, kisha akaweka pembeni yake la Zagreb. Hakuna siku aliyomwambia kwamba la bibi ni kosa. Walimu wetu wa Kiswahili wanaopokea mwanafunzi mwenye Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bujumbura au cha Muscat wangefanya jambo jema wakifuata njia hiyo.

Huku wajukuu wanarudi kujifunza, wenyeji wanaondoka. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 4,284,889 Kroatia, ya mwaka 2021 ikahesabu 3,871,833. Mkoa wa Vukovar na Srijem, mashariki, ulipoteza moja ya tano ya watu wake katika miaka hiyo kumi. Wamekwenda Ujerumani, Ireland, Austria, kwa pasipoti ya Ulaya, bila meli na bila barua. Mtafiti wa leo anasoma makundi yao ya WhatsApp kama sisi tulivyosoma barua. Wakati huo huo mahotelini na kwenye ujenzi Zagreb wanafika wafanyakazi kutoka Nepal, Ufilipino na India, nao wanahitaji kufundishwa lugha, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya mjukuu wa Chile haviwafai.

Nilirudi ua wa tano na macho mengine. Katika muda wote niliofundisha mazungumzo ya Kiswahili, mishahara yetu ilitoka Austria, vitabu vingi viliandikwa na Wazungu, na wanafunzi wengi walikuwa Wazungu. UNESCO imeipa lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai, na tunaisherehekea kwa pilau na hotuba. Watoto wetu waliozaliwa Vienna walikuwa hawaji darasani, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba darasa lile ni lao pia.

Nilipeleka hoja hiyo kwenye kikao cha Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi tuliozoea kukutana kwa misiba na sikukuu. Niliwaeleza habari za Sydney na Waterloo. Mama mmoja mwenye saluni aliuliza ingegharimu kiasi gani. Mzee mmoja wa Bukavu akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja: tukichanga, nani ataamua kinachofundishwa, na je, Kiswahili chao kitakuwemo? Tulibishana mpaka ukumbi ukafungwa. Tulikubaliana kuanza na darasa la watoto la Jumamosi, kila familia ichangie kila mwezi kadiri inavyoweza, mtaala upangwe na walimu watatu kutoka nchi tofauti, na mchangiaji yeyote, hata akitoa kingi namna gani, asiwe na kura kwenye mtaala. Chuo kikuu tutakiendea tukishakuwa na watoto wa kuwapeleka.